Kabla hujakodi Kosta: namna ya kuwapeleka wanafunzi kwenye malikale za Nyanda za Juu Kusini

Mitihani ya nusu muhula ikikaribia kwisha, walimu wenzangu wa Historia hapa Mbeya huanza kunitafuta. "Madam, ile safari ya Iringa huwa mnaipangaje?" Wanachotaka ni ratiba: saa ya kuondoka, mahali pa kulala, bei ya Kosta. Ratiba ninayo, lakini huwa naanza na swali. Kwenye orodha yako ya vituo, unajua kila kimoja kinahifadhiwa kwa sababu gani? Kama jibu ni "kwa sababu ni historia yetu", bado hujajiandaa. Watoto watashuka, watapiga picha, watanunua chipsi Mafinga, watarudi na madaftari meupe.

Sababu za kuhifadhi hazifanani. Isimila inalindwa kwa ajili ya mahali mawe yalipolala. Kalenga inalindwa kwa ajili ya mtu mmoja na kichwa chake. Kimondo cha Mbozi kililindwa kwa kuwa watu walikuwa wanakimega. Boma la Iringa lipo kwa kuwa halijawahi kukosa kazi kwa muda mrefu. Ukiishika sababu ya mahali, mengine yote yanajipanga: uende saa ngapi, watoto uwape kazi gani, uwakataze nini.

Punguza vituo

Mwalimu mgeni hupanga vituo sita kwa siku mbili. Mimi nasema viwili, vitatu kama watoto ni wakubwa. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu, na barabara hiyo ina malori ya Zambia na Kongo, mizani, na vibao vya mwendo wa 50 kila kijiji. Mkiondoka alfajiri mtaingia Iringa mchana mkiwa mmechoka. Kwa hiyo laleni Iringa, mwanze kazi asubuhi inayofuata. Kama fedha ya kulala haipo, achaneni na Iringa mwaka huu. Nendeni Kimondo au Tukuyu mrudi siku hiyohiyo. Hakuna aibu.

Barua ya utambulisho iwe na muhuri wa shule, idadi ya wanafunzi wa kike na wa kiume, na majina ya walimu watakaosimamia. Piga simu mapema uulize mambo mawili: kiingilio cha mwanafunzi raia ni kiasi gani, na malipo yanapokewaje, maana siku hizi utapewa namba ya malipo ya serikali, hutoi noti mlangoni. Uliza pia eneo liko chini ya nani. Miaka ya karibuni wizara imekabidhi baadhi ya maeneo ya malikale kwa taasisi zake, kwa mfano Kimondo sasa kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Barua ya mwaka juzi iliyoandikiwa ofisi nyingine inaweza kuwachelewesha getini.

Ridhaa za wazazi, maji, dawa za huduma ya kwanza, mnayajua. Nitaongeza sweta tu. Watoto wa Kyela hawaamini baridi ya Makambako ya mwezi wa saba mpaka iwakute.

Isimila: mawe yasiyohamishwa

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, upande wa barabara ya Mbeya, kisha mnaingia njia ya vumbi kidogo. Wengi huijua kwa nguzo zake za udongo zilizochongwa na maji, ndefu kiasi cha kuwafanya watoto waonekane vidole. Nguzo ni nzuri, pigeni picha, lakini msiishie hapo. Kilichofanya Isimila ijulikane duniani kimelala chini kwenye korongo: zana za mawe za zama za kale, shoka za mkono na vipasulio, kwa wingi ambao si rahisi kuuona kwingine. Eneo liliingia kwenye kumbukumbu za wataalamu mwaka 1951 baada ya mtu aliyepita hapo kuokota zana kadhaa. Mwaka 1957 na 1958 likachimbwa na timu ya mtaalamu Clark Howell. Vipimo vilivyochapishwa baadaye vilikadiria umri wa takriban miaka 260,000. Mifupa iliyopatikana inaonyesha wanyama ambao hawapo tena, akiwemo kiboko wa aina ya kale ambaye macho yake yalichomoza juu ya fuvu.

Hapa ndipo somo lilipo. Jiwe la Isimila lina thamani kwa sababu liko palepale lilipoachwa, kwenye tabaka fulani la udongo, karibu na mawe mengine fulani. Mtaalamu anasoma mpangilio. Ukilihamisha hata hatua kumi, linabaki jiwe zuri lisilo na ushahidi. Kwa hiyo katazo la kuokota si ukali wa mhifadhi. Waeleze watoto hivyo kabla hawajashuka kwenye gari, na mmoja atauliza, "Mbona yule wa 1951 aliokota?" Mpe sifa, swali ni zuri. Mwambie ndiyo maana baada yake ilibidi waje watu wa kupima na kuchora kila kitu kilipolala.

Waambie pia kuhusu maji. Mvua ndiyo iliyolifungua korongo na kuyaweka mawe wazi, na mvua hiyohiyo inaendelea kuyabeba. Hakuna anayeweza kuizima. Wanachoweza wahifadhi ni kupunguza miguu inayobomoa kingo, na ndiyo sababu mnapitishwa kwenye njia moja.

Kwa utekelezaji: ingieni asubuhi, maana korongoni kivuli ni haba na jua la saa saba halina huruma. Viatu vya kufunika. Epukeni masika, udongo unateleza vibaya. Juni hadi Oktoba ndio wakati wake. Gawa darasa makundi ya watoto kumi na tano hivi. Kundi moja lianze kwenye jengo la maonyesho wakati jingine liko chini. Kila mtoto achague zana moja aliyoonyeshwa na mwongozaji, aichore bila kuigusa, ahesabu makovu ya kumegwa upande anaouona. Mtoto akihesabu makovu kumi na mbili anaanza mwenyewe kuuliza aliyemega alikuwa anafikiria nini. Sijapata swali la mtihani linalofanya kazi hiyo.

Kalenga: kichwa kilichodaiwa kwenye mkataba

Kalenga iko karibu kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Jengo lenyewe la makumbusho ni dogo. Mwalimu asiyejiandaa atatoka baada ya dakika ishirini akisema "ndiyo hivi tu?" Ndiyo maana Kalenga nafundisha darasani wiki moja kabla, na pale tunakwenda kama watu wanaokwenda kusalimia.

Andika ubaoni miaka hii. 1891, tarehe 17 Agosti: jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lauvamia msafara wa Kijerumani wa Emil von Zelewski huko Lugalo na kumuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. 1894, mwishoni mwa Oktoba: Wajerumani waipiga na kuiteka ngome ya Kalenga. 1898, tarehe 19 Julai: baada ya miaka ya kuwindwa porini, na zawadi ya rupia 5,000 ikiwa imetangazwa kwa kichwa chake, Mkwawa ajipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe. Kichwa chake chakatwa na kuchukuliwa.

Kisha ruka. 1919: Mkataba wa Versailles, ule wa kufunga Vita Kuu ya Kwanza. Kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho kinataka Msahafu wa Khalifa Uthman urudishwe kwa Mfalme wa Hejaz, huko Arabuni. Waulize watoto: mataifa yameketi kugawana mipaka na madeni, fuvu la mtu wa Kalenga limeingiaje mezani? Waache wabishane. Wapo watakaosema ni huruma, wapo watakaosema ni siasa za Mwingereza aliyekuwa anaichukua Tanganyika na kutaka Wahehe wamkubali. Wa pili mara nyingi ni wale wanaokaa nyuma.

Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu mengi yaliyokusanywa enzi za ukoloni. Yakapimwa, vipimo vikalinganishwa na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, likatafutwa lenye alama ya risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule ambaye baadaye wengi walimjua kama Spika wa Bunge. Wako wasomi wanaohoji kama kweli ndilo lenyewe. Mwambie mtoto hivyo bila kuogopa. Kinachohifadhiwa Kalenga ni fuvu, na pamoja nalo ni dai: kwamba mtu aliyechukuliwa arudishwe kwao. Dai hilo halijaisha. Songea bado wanakitafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda huko akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya Maji Maji.

Adabu ya Kalenga ni ya msibani. Kofia chini. Anayetaka kupiga picha amwombe mhifadhi kwanza, na akikataa yaishe. Salimieni wazee mtakaowakuta nje kwa "kamwene", watafurahi, na mzee wa Kihehe aliyesalimiwa vizuri anaweza kuwapa watoto nusu saa ambayo haimo kwenye kiingilio. Katika kila kundi kuna mtoto atakayecheka mbele ya fuvu. Usimfokee. Ni woga. Msogeze nje taratibu, mpe maji, arudi akiwa tayari.

Kama mna siku ya ziada na gari imara, endeleeni hadi Mlambalasi, kama kilomita 50 kutoka Iringa, lilipo kaburi. Kichwa Kalenga, kiwiliwili Mlambalasi. Watoto hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Pale pia pana pango la mwamba ambamo wanaakiolojia wamekuta mabaki ya watu wa zama za mawe, kwa hiyo katazo la Isimila linarudi.

Lugalo iko upande wa pili, barabara ya Morogoro, na mnara uliopo ni wa Wajerumani kuwakumbuka wafu wao. Simameni dakika kumi na swali moja: walioshinda siku ile walijenga mnara wapi?

Boma, kwa wenye nusu siku mjini

Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani karibu 1914 kuwa hospitali ya jeshi. Waingereza wakalifanya ofisi ya mkuu wa wilaya, serikali huru ikaendelea hivyohivyo, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Nalipenda kwa sababu linafundisha jambo ambalo Isimila haiwezi: nyumba huhifadhiwa kwa kukaliwa. Paa la ofisi likivuja, karani atalalamika. Paa la gofu likivuja hakuna anayelowa, na baada ya masika chache ukuta unaanguka. Kule Rungwe boma la Masoko, kando ya ziwa la kreta, lilianza kama kambi ya askari wa Kijerumani, baadaye likawa mahakama, na kuta zake zimesimama hadi tunaongea. Wapeni watoto kazi ya kukisia kila chumba kilikuwa cha nini kabla ya kusoma maelezo. Wakitoka, wapandisheni mwamba wa Gangilonga jioni mwaone mji wote. Mwamba huo unahusishwa na Mkwawa, na jua likizama usiwe na haraka ya kuwashusha, ila mhesabu vichwa.

Masoko mtakutana na vijana wanaouza sarafu za Kijerumani kando ya ziwa. Usimruhusu mtoto anunue. Hata ikiwa halisi, kila sarafu inayonunuliwa ni sababu ya mtu mwingine kuchimba kesho.

Kimondo: kwa nini kuna makovu kwenye ncha

Hii ni safari ya siku moja, na mchukueni mwalimu wa Fizikia. Kimondo kiko Ndolezi, wilaya ya Mbozi, ambayo tangu 2016 iko mkoa wa Songwe ingawa wengi wetu ulimi bado unasema Mbeya. Ni bonge la chuma kutoka angani, urefu karibu mita 3, uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, karibu asilimia 90 chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki nikeli. Wenyeji walikijua zamani. Serikali ilikijua mwaka 1930, mpima ardhi alipokiripoti. Wakati huo ilionekana sehemu ya juu tu. Udongo ukachimbwa kukizunguka, ikaachwa nguzo ya udongo chini yake, nayo ikaimarishwa kwa zege. Shimo la kuanguka halionekani, na hilo linaashiria kimeanguka zamani sana, ardhi ikapata muda wa kujifunika.

Mpeleke kila mtoto kwenye ncha iliyochongoka, mwonyeshe mapengo. Watu waliokuja na misumeno na patasi walimega vipande vya ukumbusho, na si kazi nyepesi, chuma chenye nikeli ni kigumu. Mtu alitoka jasho ili aondoke na kipande cha kuweka juu ya meza. Hiyo ndiyo sababu ya uzio na mlinzi, na inaeleweka kwa kidole kuliko kwa kitabu. Beba sumaku, omba ruhusa, mtoto aiweke taratibu asikie inavyonata. Msumari na funguo zibaki mfukoni.

Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira linaunganika vizuri na safari ya Tukuyu, lakini ni kazi ya volkano na maji. Mpe mwalimu wa Jiografia mzigo huo.

Sheria, kwa maneno ya mtoto

Kabla ya safari soma nao mambo machache. Tangu mwaka 1937 nchi hii ina sheria ya kulinda kumbukumbu za kale. Inayotumika leo ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 vinalindwa. Kuchimba kunahitaji leseni. Kuvisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Ukikuta kitu cha kale shambani unapaswa kuripoti. Hiyo ni sheria ileile inayolinda michoro ya miambani ya Kondoa na magofu ya Kilwa, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006 na 1981. Mtoto wa Ndolezi ajue kwamba jiwe la kwao halijasimama peke yake.

Lakini wasitoke wakidhani serikali ndiyo pekee inayohifadhi. Njombe kuna msitu wa Nyumbanitu ambao Wabena wameulinda kwa miiko na simulizi, zikiwemo za kuku weusi wa msituni, na hauingii bila wazee. Ukipeleka wanafunzi huko, masharti ya wazee ni masharti. Kama mwiko unamzuia mwanafunzi fulani siku ile, abaki na mwalimu nje, msibishane.

Baada ya kurudi

Usiwape insha ya "Andika ulichokiona". Utapata arobaini na mbili zinazoanza "Tuliamka asubuhi na mapema". Mimi nawapa kazi hii: chagua kitu kimoja cha kale kijijini kwenu, kiwe mti wa mikutano, kengele ya misheni, daraja la zamani, kaburi la mtemi, jiwe la kusagia la bibi. Eleza kilitumikaje, nani anakitunza leo, kingepotea nani angeumia, na kati ya sababu za Isimila, Kalenga, Boma na Kimondo ni ipi inakifaa. Wazazi huhusishwa bila kuambiwa, kwa kuwa mtoto hana jibu mpaka amuulize babu.

Sharti moja: asichimbe, asisugue, asioshe. Chungu kilichovunjika kikipatikana wakati wa kulima, kipigwe picha pale kilipo, kifunikwe, mwenyekiti wa kitongoji aambiwe. Kazi zenye kitu cha maana napeleka nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Hakikisha zina jina la kijiji, kitongoji na alama ya karibu, shule au kisima au duka la fulani, maana ofisa naye akija na bodaboda anahitaji kujua ashukie wapi.